Chumba cha Mbelu

Dilolo, 7 Aprili 2025

Tata wangu,

Tumefika Dilolo na matope mpaka masikioni. Basi lilikwama mara nyingi hata mwalimu wetu mtawa, Masœur Chancelle, akaacha rozari, akakunja kanzu na kusukuma pamoja nasi. Tantine Mignonne alikuwa anatusubiri na sufuria ya bukari ya unga wa mahindi na samaki wa kukausha. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Kaka yangu anakulishaka nini kule Kapata? Uko mwembamba sawa kijiti!" Nimekula mara mbili ili nikutetee.

Kama Masœur alivyowaambia wazazi, simu zetu zimebaki nyumbani. Anataka tuangalie kwa macho na tuandike kwa mkono. Kila mwanafunzi anaandika barua yake, yeye anaipiga picha na kuituma kwa namba moja ya kwao, na majibu yanakuja vivyo hivyo. Simu yako ya tochi haipokei picha, kwa hiyo nimetoa namba ya Mama Godelieve jirani. Mama Godelieve, najua unasoma hapa kabla ya Tata. Jambo mama, na pole kwa kazi ya posta.

Kesho tunavuka mpaka kuingia Angola, na hapo Luau tunapanda treni mpaka Lobito, baharini. Masœur anasema tunafuata njia inayopitiwa na shaba yetu. Somo la jiografia limeota miguu.

Kuna kitu kinanizunguka kichwani. Asubuhi ile ulinisindikiza kwa haraka mno. Wazazi wengine walilia. Mama yake Tania alishikilia dirisha la basi mpaka dereva akamkemea. Wewe ulinipa begi, ukasema, "Aya, enda muzuri," ukageuka kabla gari halijawashwa. Najua wewe si mtu wa machozi, ila nilijisikia kama mzigo unaoshushwa.

Naomba mambo mawili tu. Usimlaze mgeni chumbani kwangu. Na picha ya Mama iache pale pale juu ya kitanda, kwa sababu ukuta ule umechoka na msumari ukitoka hautarudi.

Binti yako,
Mbelu

*

Kapata, 9 Aprili 2025

Mbelu mama yangu,

Naandika mezani kwa Mama Godelieve. Amekwisha kusema kwamba mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, anataka kuninyang'anya kalamu, na mimi simwachii.

Huku hatujambo. Chumba chako kiko kama ulivyokiacha. Hakuna mgeni aliyelala humo. Mama Godelieve anakohoa hapa pembeni, nadhani ni vumbi.

Kuhusu asubuhi ile, mtu akikaa sana kwenye kuaga anaweza kubadili mawazo. Nilitaka uende. Mimi sijawahi kupita Dilolo, na marehemu mama yako hata Lubumbashi aliiona mara moja tu, kwa ajili ya daktari. Wewe uende, uone.

Sasa sikiliza, nina agizo. Unajua kazi yangu ilikuwa kwenye mabeseni ya kiwanda, kubandua mabamba ya shaba mpaka asidi ikanila kucha. Tulikuwa tunayabandua, tunayafunga kwa mikanda ya chuma, yanapanda gari, basi. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kwa ajili ya shaba hiyo hiyo, akafa bila kujua inakwenda wapi. Wewe utafika pale inapoishia nchi kavu. Iangalie vizuri. Uliza nani anaipokea. Uliza kama wanajua imetoka kwa nani. Halafu uniandikie yote, usinifiche kitu.

Baba yako,
Kankolongo

*

Lobito, 14 Aprili 2025

Tata,

Angola ni ndefu. Treni inakwenda, unalala, unaamka, bado inakwenda, na wamama wanapanda na kuku na mihogo kama vile wanapanda teksi ya sokoni. Mimi na Tania tumepewa malazi kwa mama mmoja wa parokia, Dona Albertina. Hapa bukari wanaiita funje, inavutika kama gundi, nimeizoea. Bahari nimeiona. Nitakueleza nikirudi, kwa kalamu sijui pa kuanzia.

Leo wametupeleka bandarini, na nimefanya agizo lako.

Niliiona shaba, Tata. Mabamba yamepangwa moja juu ya jingine, yamefungwa kwa mikanda ya chuma kama ulivyosema, rangi yake ile ile ya mikono yako ulipokuwa unarudi kutoka kazini. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Nikasogea kusoma vibandiko. Kuna namba, kuna jina la kampuni, kuna uzito. Jina la mtu hakuna. Kolwezi yenyewe, mji wetu, haijaandikwa, nimezunguka mafungu yote mpaka mlinzi akanifukuza.

Masœur anajua Kireno kidogo, nikamwomba amwulize mzee mmoja anayeongoza mashine ya kunyanyua: shaba hii inatoka wapi? Mzee alicheka, akasema, inatoka ndani. Ndani wapi? Akanyoosha mkono kule treni inakotoka. Kwao sisi wote ni ndani. Kisha mashine ikanyanyua fungu, likazunguka hewani, likashuka ndani ya meli, wakaleta lingine. Ilikuwa kazi ya kawaida kabisa. Mimi nilitaka kulia na sikujua kwa nini, Tania akaniuliza kama jua limenipiga.

Ulisema nisikufiche, ndiyo maana nimeandika ilivyo.

Dona Albertina ananiuliza habari za Mama, Masœur anatutafsiria. Nimemwambia alivyokuwa anaimba. Anataka kumwona. Mwombe Mama Godelieve aingie chumbani kwangu, aipige picha ile ya ukutani, aitume kwa Masœur.

Mbelu

*

Kapata, 16 Aprili 2025

Mbelu,

Barua yako ya bandarini nimeisoma, nikaomba simu tena nikaisoma, nikaomba tena. Asante kwa kunieleza ukweli. Inatoka ndani! Basi vizuri.

Mtu anafanya kazi mpaka kucha zinaisha, baba yake kabla yake alifanya kazi hiyo hiyo, na hakuna jiwe hata moja la ukubwa wa yai ambalo anaweza kusema hili ni langu, nimelitoa mimi, kwangu. Hilo linaniuma kuliko nilivyofikiri. Lakini wewe usijitie huzuni, wewe ni mtoto, soma.

Picha ya mama yako hiyo, Mama Godelieve ameipiga. Barua ni fupi kwa sababu nina kazi nyumbani. Ukisikia kwa watu kwamba kwangu kuna muziki mchana kutwa, ni redio tu. Nyumba ikikosa mtoto inakuwa kimya sana.

Kankolongo

*

Lobito, 18 Aprili 2025, Ijumaa Kuu

Tata, na Mama Godelieve, maana barua hii ni yenu wote wawili,

Picha imefika. Dona Albertina amesema Mama alikuwa na macho ya mtu anayejua kucheka. Nikamshukuru. Halafu nikaiangalia tena, nikaona ukuta.

Ukuta wangu ni mweupe na umechoka. Ukuta wa picha hii ni wa bluu, na pembeni inaonekana ncha ya pazia ambalo Mama Godelieve alilishona kwa mabaki ya kitambaa cha kwaya. Mama yangu ananing'inia kwa Mama Godelieve. Tata, uliandika kwamba chumba changu kiko kama nilivyokiacha.

Na Tania amepata barua ya kwao. Mama yake anasema kwetu kuna muziki tangu asubuhi, watu wanaingia na kutoka, na kitanda changu kilionekana kinavuka barabara vichwani mwa watu wawili. Tania alinisomea akicheka, kisha akaacha kucheka.

Mimi si mtoto mdogo. Naona jinsi unavyovaa shati safi kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Naona jinsi Mama Godelieve anavyokugombeza kuhusu kola, na wewe unavyopenda kugombezwa. Nikajua kwa nini ulinisukuma kwenye basi. Ulitaka mambo yafanyike nikiwa mbali, chumba changu kipakwe rangi, nirudi nikute mtu amekwisha kuingia.

Nimelia, sitaficha. Dona Albertina alikaa kitandani kwangu akinipapasa mgongo, kwa sababu hatuna lugha. Lakini leo kanisani nimefikiri vizuri. Tangu Mama aondoke unakula umesimama. Redio unaizungumzisha. Kama ni Mama Godelieve, sina la kukataa. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga liputa kiunoni, na ndiye aliyemshika Mama mkono siku ya mwisho.

Ila fanyeni kwa heshima. Desturi mnaijua: wajomba zangu waambiwe kwanza, wasiipate habari hiyo kwa maneno ya barabarani. Na chumba kingebaki changu, ningefurahi, lakini tutaongea.

Mama Godelieve, karibu kwetu.

Mbelu

*

Kapata, 19 Aprili 2025

Mbelu mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikatafuta kiti.

Hakuna harusi. Kuna shimo.

Nilimwahidi baba yako kunyamaza, na ningenyamaza, maana ni mambo ya nyumba yake. Lakini umenikaribisha kwa moyo wote katika nyumba ambayo sakafu yake imetobolewa. Siwezi kupokea karibu ya namna hiyo. Barua yako bado sijampa. Nitampa pamoja na ile utakayomwandikia ukishasoma hii.

Siku ile ile ulipoondoka, Dady wa avenue ya nyuma alikuja na wenzake wawili. Unamjua Dady, anachimba kila mahali. Walipochimba choo kipya kwenu aliona mawe meusi yenye kobalti, akamwambia baba yako kwamba madini yanapita chini ya nyumba, na njia ya kuyafikia ni chumba chako. Kitanda, nguo zako na picha ya mama yako Rachelle vikaletwa kwangu, usiogope, viko salama. Pale kilipokuwa kitanda ndipo wameshuka. Hawajaweka mti hata mmoja wa kushikilia udongo, wanashuka kwa kukanyaga vitobo vya ukutani. Udongo unatoka kwa magunia. Redio inaimba ili sululu isisikike. Na avenue nzima inajua, wanajifanya tu hawajui, kwa sababu nusu yao wanangoja kuona kama atapata ili na wao waanze vyumbani mwao.

Nilikwenda kumwambia aache. Dady akanizuia mlangoni: "Mama, usipite. Mwanamuke akisogea, madini inakimbia." Mimi! Mimi niliyeosha mwili wa mama yako katika chumba kile.

Nikuambie na hili, usilichukue kwa ubaya. Jumatatu alikuwa ameanza kuchoka. Aliniambia, "Godelieve, naona tufukie tu." Kisha ikafika barua yako ya bandarini. Aliposoma kwamba hakuna jina, alirudi kule na hasira, na siku hizi anashuka mwenyewe.

Wewe hujaambiwa vizuri habari ya nyumba ile, kwa sababu baba yako hapendi kuitaja. Miaka ile Wakasai walipofukuzwa hapa, babu yako na familia yake walikaa nje ya stesheni na watoto na masufuria, wakingoja treni. Mama yangu, maana sisi ni Waluba wa hapa hapa Katanga na hatukufukuzwa, aliwapelekea chakula. Babu yako akampa ufunguo. Mama aliuweka ndani ya kopo la chai. Watu walikuja kuutaka, wengine kwa maneno makali, akawaambia nyumba ina wenyewe. Waliporudi, babu yako akiwa hayupo tena, ni baba yako, kijana, aliyekuja kugonga mlango wetu, na Mama akamfungulia kopo. Hakuuchunga ufunguo ule ili leo mtu atoboe sakafu.

Mvua ya mwisho haijanyesha bado, na mawingu yanajaa kila mchana. Mwandikie. Mimi hanisikii tena.

Godelieve Kalumba

*

Lobito, 20 Aprili 2025, Pasaka

Tata,

Mama Godelieve ameniambia. Usimgombeze, maana kati yenu wawili ndiye aliyenieleza ukweli.

Uliniagiza nisikufiche kitu, kwenye karatasi ile ile uliyonidanganyia kuhusu chumba. Nimekasirika mpaka Dona Albertina amenigusa paji la uso kuona kama nina homa, na leo ni Pasaka, watu wanaimba.

Nilipokuandikia kwamba shaba haina jina la mtu, nilifikiri nakutumia huzuni yangu tuibebe pamoja. Wewe umeichukua, umeenda kuchimba nayo. Sasa niambie, ukilipata jiwe hilo utalifanya nini? Utaliuza kwa mnunuzi wa barabarani, atalichanganya na mengine ndani ya gunia, litapanda gari. Hakuna atakayeandika Kankolongo juu yake. Mwisho wa njia nimeuona kwa macho, wewe mwenyewe ulinituma.

Jina lako liko mahali pamoja, nyuma ya langu. Kila asubuhi Masœur akituhesabu, anaita "Mbelu Kankolongo" kwa sauti, hapa Lobito, na mimi naitika. Mtu wa mashine hajui Kolwezi, lakini Dona Albertina sasa anajua.

Sitarudi Kapata shimo likiwa wazi. Wenzangu watapanda basi la kurudi, mimi nitabaki Dilolo kwa Tantine Mignonne, nitamsaidia kuuza mpakani, na shule itangoja. Sikutishi, Tata. Naogopa. Siwezi kulala ukuta mmoja na shimo nikingoja siku litakapokumeza. Nimekwisha kuzika mzazi mmoja.

Fukia.

Mbelu

*

Kapata, 23 Aprili 2025

Mbelu,

Tangu lini mtoto anampangia baba sakafu ya nyumba?

Barua zako zote mbili nimepewa leo. Niko mezani kwa Mama Godelieve lakini sizungumzi naye, nimekuja kwa sababu karatasi iko kwake. Na lile jambo uliloliandika Ijumaa Kuu sitalijibu sasa, kwa kuwa yeye amesimama nyuma yangu.

Unafikiri tutaachwa hapa? Mitaa ya upande ule nyumba zimekwisha kuwekwa alama za rangi ukutani na watu wa mgodi. Kesho watakuja kwetu, watatupa sehemu nyingine porini, watatoa wenyewe kilichoko chini ya kitanda chako, na mimi nisimame nikiangalia? Nimesimama nikiangalia maisha yangu yote. Baba yangu alisimama stesheni akiangalia. Hiyo habari mama huyu amekueleza, basi ujue na upande wake wa pili: mtu aliyefukuzwa kwake mara moja halali usingizi mzito tena. Anataka kushika kitu.

Jana tumeuona mshipa mweusi, mnene kama mkono. Siku chache tu zimebaki. Dady yuko chini sasa hivi, alitaka nishuke naye, nikamwambia angoje nimalize kumjibu mtoto. Mvua inaanza, lakini hii ni mvua ya kuaga msimu, haina nguvu. Sikia, Mbelu, mimi ndiye

24 Aprili. Barua imekatika hapo, naituma ilivyo. Baba yako yuko hai. Mengine atakuambia mwenyewe. Umeme hakuna tangu mvua, wanasema kuna hitilafu kule kwenye bwawa la Nzilo, na simu yangu inazimika. Godelieve.

*

Luau, 26 Aprili 2025

Tata,

Masœur alinisomesha barua yako kwenye simu yake stesheni ya Lobito, treni ikiwa tayari kuondoka. Tangu hapo hakuna kitu. Njia nzima nimekuwa nikimalizia sentensi yako kichwani. Mimi ndiye nini? Mimi ndiye baba, mimi ndiye mwenye nyumba, mimi ndiye mwenye makosa, nimejaribu zote.

Hai ni neno dogo. Hai na miguu? Hai na macho?

Sina hasira tena. Zilishukia njiani. Andika mstari mmoja, hata kama bado unachimba.

Mbelu

*

Kapata, 28 Aprili 2025

Mbelu mama yangu,

Mikono yangu imefungwa bandeji. Mimi nasema, Mama Godelieve anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asiyarembe.

Nilikuwa kwenye neno lile, mimi ndiye, tuliposikia kishindo. Tukakimbia. Mvua ile niliyoidharau ilikuwa imeingia kupitia udongo tuliourundika nyuma ya jikoni, ikatafuta shimo, mdomo ukameguka, na ukuta wa dirisha lako ukaingia ndani. Wenzake Dady walikuwa nje na gunia. Yeye alikuwa chini. Alifunikwa mpaka kifuani, mkono mmoja juu, analia, "Tata, mi nakufa! Tata, usiniache!" Ananiita mimi tata, na mimi ndiye niliyempa ruhusa.

Jembe lingemkata. Tulichimba kwa mikono. Mama Godelieve aliingia, akashuka mpaka kwenye ukingo, na hakuna aliyemkumbusha kwamba mwanamke hasogei. Alivua liputa lake la juu akamfunga Dady chini ya makwapa, akapiga kelele, "Muvute polepole, mutamuvunja mugongo!" Akatuhesabia kila mvuto. Dady akatoka. Mguu mmoja umevunjika mahali pawili. Mke wake alikuja hospitali, akaniangalia, akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda. Heri angenitukana.

(Ameinuka, ameenda mlangoni. Nangoja. G.)

Mkono ule uliokuwa juu ulikuwa umefumba. Hakuufumbua mpaka kitandani hospitali. Akanipa, akasema, "Tata, njo hii tulikuwa tunatafuta." Jiwe jeusi, lina kijani pembeni, zito. Nililishika nikingoja kusikia kile nilichokuwa nakitafuta. Nilingoja sana, Mbelu. Lilikuwa jiwe.

Nililitupa shimoni la kwanza kabisa, kabla ya udongo. Mvua ilipokatika watu wa avenue wakaja na mikokoteni na majembe, hata wale waliokuwa wanapima vyumba vyao kwa macho. Hawakunisema. Walifukia, wakashindilia, wakamwaga maji, wakashindilia tena. Fundi anajenga ukuta. Chumba kitakuwa kibaya kwa muda, sakafu ni udongo mtupu na haina usawa.

Ulisema jina langu liko nyuma ya lako. Neno hilo lilinifikia nikiwa na hasira, nikalipita. Nimelirudia hospitali, nikiwa nimekaa karibu na Dady. Nimelia, na Mama Godelieve ana amri ya kuliandika.

Nimekudanganya, mwanangu. Nisamehe. Ukifika nitakuomba tena kwa mdomo wangu.

Mimi nalala kwa katekista Benoît. Ufunguo wa nyumba nimempa Mama Godelieve. Nimemwambia asinipe hata nikipiga magoti, mpaka ufike wewe, uingie wa kwanza, ukanyage sakafu kwa mguu wako, useme kama hapa panakalika. Ukisema hapana, tutatafuta pengine, na sitabisha.

Baba yako,
Kankolongo

Ufunguo uko ndani ya kopo la chai, pale pale Mama yangu alipouweka. Ila mtu huyu anakula kwangu kila siku, na shati ni lile safi. G.

*

Dilolo, 30 Aprili 2025

Tata, na Mama Godelieve anayesoma kwanza,

Wenzangu waliondoka bila mimi, Tania akilia dirishani kama mama yake. Nilibaki kama nilivyosema, nikauza sabuni mpakani, na Tantine ameniambia kwamba sina kipaji. Barua yako imefika kwenye simu yake nikiwa nahesabia mteja. Nimemrudishia chenji nyingi kuliko pesa alizonipa.

Napanda basi la kesho. Dady mwambie nitapita hospitali kabla sijafika nyumbani. Sakafu nitaikanyaga, usijali kama haina usawa.

Mama Godelieve, ufunguo usimpe mtu. Uulete wewe mwenyewe mlangoni, tufungue wote watatu. Na lile karibu nililowaandikia Ijumaa Kuu, sijalifuta.

Mbelu Kankolongo